Wosia na Tiba ya Majonzi: Mwana Kupona na Shaaban Robert

Tungo za wosia ni nyingi katika lugha yetu, na wengi wetu tulizikuta kwanza darasani, ambako zilipewa kazi ya kufundisha adabu. Mwalimu huuliza: mtungaji aamrisha nini, na akataza nini? Mwanafunzi huyahesabu maagizo, huyaandika katika daftari, na somo likaisha. Njia hiyo si ya uongo, kwa maana maagizo yamo. Walakini huacha nje sehemu ya utungo ambayo bila yake maagizo yenyewe huwa kama mifupa isiyo na nyama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wosia, katika mikono ya watunzi wetu walio bora, ni zaidi ya orodha ya sheria. Ni neno ambalo mtu aliyejeruhiwa moyo humwambia mtu wake wa karibu. Kwa kulisema, msemaji hupata nafuu, na kwa kulipokea, msikilizaji hukua.

Nimechagua watunzi wawili. Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliyemtungia binti yake Mwana Hashima utendi ujulikanao kwa jina la mtungaji mwenyewe. Tarehe yake imo ndani ya beti: mwaka 1275 wa Hijra, ulioanza mwezi wa Agosti 1858. Wa pili ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akafariki mwezi wa Juni 1962. Yeye aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa ajili ya binti na Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume, akazitia katika kitabu cha Maisha Yangu, kilichotolewa mwaka 1949. Kati ya tungo hizo pana umbali wa miaka tisini hivi, pana tofauti ya lahaja, na pana tofauti ya hali: mmoja alikuwa mke wa mtawala wa Siu, na mwingine karani wa serikali ya kikoloni. Lakini wamekutana katika jambo moja kubwa. Mwana Kupona alikuwa mjane. Mumewe, Sheikh Mataka wa Siu, alikufa mwaka 1856. Shaaban Robert alifiwa na mkewe Amina, mama wa watoto wale. Kila mmoja wao, basi, anasema na mtoto aliyepoteza mzazi, naye msemaji amepoteza mwenzi. Msiba ni mmoja, umegawanywa kwa watu wawili. Hapo ndipo wosia unapoanza.

Kabla ya kuzitazama tungo, yafaa tuisikilize lugha. Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja kupungua kwa maumivu ya moyo, na karibu yote yahitaji watu wawili. Twasema kuliwaza, kutuliza, kufariji, kuhani, kupoza. Vitenzi hivi vina mtendaji na mtendewa. Mwenye huzuni hutajwa kama mtu anayefikiwa na mwingine. Neno kupoa lenyewe ni la moto kabla ya kuwa la roho: uji hupoa, homa hupoa, na hasira hupoa. Pole tunayompa mgonjwa na mfiwa ina udugu na neno hilo, kwani twamtakia utulivu wa kitu kilichopungukiwa moto. Na methali yasema: Mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo hutumiwa mara nyingi kwa mzaha, kwamba siku ya mgeni mwenyeji naye hula vizuri. Lakini maana yake ya ndani ni nzito zaidi. Anayepona si mgeni aliyekuja na uchovu wa njia, ila mwenyeji aliyempokea. Mwenye kutoa ndiye apataye. Mantiki hiyo ndiyo tutakayoikuta katika wosia.

Tuanze na Mwana Kupona. Utendi wake una beti 102, na neno la kwanza kabisa ni amri. Lakini si amri ya adabu. Mama amtaka binti asogee karibu naye. Katika beti zifuatazo twapata sababu: ameshikwa na maradhi, hata umetimia mwaka, na katika muda huo wote hakupata kumweleza binti neno lililo jema. Kisha amwita tena aje mbele, aketi, na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni mwake mna habari anayopenda kuisema. Tuitazame sura hii kwa makini. Mama ndiye mwenye maneno, na binti ndiye mwenye kalamu. Iwapo ndivyo ilivyokuwa siku ile, ama ni desturi ya utunzi tu, si hoja kwetu. Utungo wenyewe wataka tuone hivyo. Wataka tuuone unazaliwa kati ya watu wawili waliokaribiana hata mkono wa mmoja uandike neno la mwingine. Basi binti si mtu wa kuletewa sheria zilizokwisha kuandikwa mahali pengine. Yeye ni mshiriki katika kazi, na kazi hiyo inafanywa kandoni mwa mgonjwa.

Tena kuna jambo ambalo msomaji asiyeijua desturi ya pwani huenda asilione. Mafunzo ya unyumba kwa kawaida ni kazi ya somo au kungwi, wala si ya mama mzazi, maana haya iliyo baina ya mama na binti huyazuia maneno mengi yasisemwe. Mwana Kupona anauvuka mpaka huo. Naona sababu zake ni mbili. Kwanza, ugonjwa umemnyima muda. Lisiloambiwa leo huenda lisiambiwe kamwe. Pili, ushairi wampa stara. Neno ambalo katika mazungumzo ya nathari lingeona aibu, katika vina na mizani laweza kutembea limejitanda. Ndiyo maana mama anazitaja zawadi mbili mwanzoni mwa utendi: hirizi ya kufungwa kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani cha kuvaliwa shingoni. Hirizi humlinda mvaaji, na kidani humpamba. Vyote viwili hukaa juu ya ngozi, mahali ambapo mkono wa mama hautafika tena. Kwa mifano hiyo mtungaji ametueleza wosia ni kitu gani kwake: ni namna ya kuendelea kumgusa mtoto baada ya kuondoka.

Halafu yaja mafundisho. Ya dini yatangulia, na adabu na watu, na usafi wa maneno. Kisha mama ataja radhi tano ambazo mtu anahitaji ili apate raha ya dunia na akhera: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Wasomaji wengi wameikimbilia ile ya tano, wakazipita nne. Lakini tuyapime maneno. Hapa raha ya mtu, utulivu wake, haikuwekwa katika mali wala katika cheo, ingawa binti huyu alikuwa na vyote viwili. Imewekwa katika kukubaliwa na wale waliomzunguka na Aliye juu yao. Moyo, kwa fikira ya Mwana Kupona, haupati usingizi ila ndani ya uhusiano uliotimia. Hiyo ni nadharia kamili ya nafsi ya mwanadamu, imesemwa kwa beti chache na mwanamke mgonjwa, na inastahili kupimwa kama nadharia nyingine zinavyopimwa.

Baada ya hapo huja sehemu iliyousifisha utendi na kuulaumisha pia: maagizo juu ya kumtunza mume. Akilala asiamshwe kwa kelele. Apapaswe na kupepewa. Akitoka aagwe vizuri, akirudi apokewe kwa furaha. Atunzwe kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Msomaji anaendelea kuhesabu amri hizi, na ghafula utendi wageuka. Mtungaji aacha kuamrisha, aanza kukumbuka. Amweleza binti jinsi babaye alivyomwoa kwa furaha na kicheko, jinsi wasivyovunjiana heshima siku zote za ndoa yao, na jinsi mauti yalipomjia yule bwana alivyomkariria mkewe radhi yake. Kisha anakiri kwamba tangu siku ile hata siku ya kutunga hakunyamaza kulia, kila akumbukapo raha waliyokuwa nayo na wingi wa mazoea yao.

Neno mazoea hapa ni la kupimwa. Mtungaji hakutaja uzuri wa mumewe, wala ushujaa wake, ingawa huyo ni mtu aliyesimama vitani dhidi ya majeshi ya Sayyid Said wa Unguja. Ametaja mazoea: yale ya kila siku, ya kuagana na kupokeana, ya kupepea na kupepewa. Na tukiisha kuzisoma beti hizi, hatuna budi kurudi nyuma kuyasoma maagizo upya, maana yamebadilika sura. Kumpepea aliyelala, kumtunza kama mtoto asiyesema, kumsindikiza na kumlaki: haya hayakutoka katika kitabu cha sheria. Ni mambo ambayo mjane huyu aliyafanya. Kila agizo ni kumbukumbu iliyogeuzwa kuwa agizo. Kwa miaka miwili, tangu 1856 hadi 1858, kumbukumbu hizo hazikuwa na kazi ila kumliza. Sasa, kwa kuwa binti ameketi mbele yake na wino na karatasi, zimepata kazi nyingine. Zimekuwa mali ya kurithisha.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo tiba ya utendi huu. Mama haambiwi asahau, wala hajiambii asahau. Anachukua kile kile kinachomuumiza, anakitia katika mizani, anampa mtoto. Na mtoto anapata nini? Anapata zaidi ya adabu. Anapata habari za babaye aliyekufa, jinsi alivyopenda na alivyopendwa ndani ya nyumba. Jambo ambalo hakuna mtu mwingine duniani angeweza kumpa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wasema wahenga. Hapa mama anafunza akijua kwamba baada yake umebaki ulimwengu tu. Binti anakuzwa kwa kuaminiwa: anahesabiwa kuwa mtu mzima awezaye kuyaona machozi ya mama yake.

Mwisho wa utendi ni dua. Mtungaji amwomba Mungu amwondolee huzuni yake, na watoto na ndugu anawaweka katika ulinzi wa Mola kama amana. Anajitaja kuwa mgeni mpweke mwenye majonzi. Basi hatuwezi kusema kwamba amepona. Alifariki mnamo mwaka 1860, na maradhi ya mwili hayakuondoka kwa sababu ya beti. Lakini mtu aliyeanza kwa kusema kwamba mwaka mzima hakupata kutamka neno jema, sasa ameyatamka kwa beti 102. Kilichokuwa kimemkwama moyoni kimepata njia. Tusidai zaidi ya hapo, wala tusikubali pungufu.

Kwa hiyo nasikitika juu ya jina la kitabu ambacho kimeutangaza utendi huu kwa wasomaji wa ng'ambo. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917, na mwaka 1934 yeye na William Hichens waliutoa tena kama kitabu, chenye jina la Kiingereza ambalo maana yake ni wosia wa Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Kazi yao ya kuuhifadhi utendi na kuueleza ni kubwa, na sisi sote tu wadeni wao. Lakini jina hilo limetwaa sehemu likaifanya yote. Sisi wenyeji tuliuita kwa jina la mtu, na mtu ndiye aliyemo.

Kutoka kwa mjane huyo wa visiwa vya Lamu twaja kwa mfiwa wa Tanga. Kwa Shaaban Robert kilio na wosia havikutiwa katika utungo mmoja. Kilio kina shairi lake, na wosia una tenzi zake. Shairi la kilio ni Amina, lililomo katika Pambo la Lugha, kitabu kilichochapwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1940. Ni shairi fupi, na wengi wanalijua kwa moyo. Mshairi amfananisha mkewe na ua lililofunga baada ya kuchanua. Asema alivyotamani dua zake zimwinue kutoka kitandani. Akiri kwamba majonzi yake hayaneneki. Na kila ubeti humalizika kwa kituo kile kile, kwamba penzi waliolifunga wawili hao hakuna awezaye kulifungua. Katika ubeti wa mwisho anatazamia siku ya kufufuliwa, penzi litakaporejea.

Tuangalie nafsi zinazosema katika shairi hili. Kuna mimi na kuna wewe, basi. Mimi ni mume, wewe ni Amina aliyekufa. Watoto hawamo, jirani hawamo, kazi haimo. Shairi zima ni chumba chenye watu wawili, na mmoja wao hajibu. Ndiyo maana, pamoja na uzuri wake wote na imani yake yote, Amina ni shairi la subira zaidi kuliko la nafuu. Mfiwa amepata pa kuweka tumaini, yaani Peponi. Lakini kwa siku zilizobaki za duniani hana kazi ila kungoja.

Sasa tuzifungue Hati na Adili. Mwandishi ni yule yule, msiba ni ule ule, lakini wewe amebadilika. Nafsi ya pili imehama kutoka kwa aliyekufa ikaenda kwa walio hai. Baba anasema na binti, kisha anasema na mwana, juu ya ibada, na masomo, na heshima, na kazi, na maisha ya nyumbani. Kwangu mimi uhamaji huo wa nafsi ya pili ndio tukio kubwa kabisa katika maandishi ya Shaaban Robert juu ya maisha yake, ingawa hakulitangaza mahali popote. Lile fundo lisilofunguka halikufunguliwa. Mshairi hakuvunja ahadi ya kituo chake. Bali uzi wake umeongezwa urefu, ukawafikia watoto. Kumpenda Amina baada ya kufa kwake kumekuwa ni kuwalea wale aliowaacha.

Pana tofauti ya maana kati yake na Mwana Kupona. Binti wa Mwana Kupona ameketi mbele ya mama, na kalamu mkononi. Watoto wa Shaaban Robert wanaandikiwa. Jina la utenzi wa binti lenyewe ni jina la karatasi: hati, kitu cha kutunzwa na kusomwa baadaye, chenye nguvu ya ushahidi. Baba anaandika mambo ambayo mtoto hawezi kuyafahamu yote kwa umri wake, akijua kwamba utafika wakati atayafahamu. Ni wosia unaomngoja mtoto akue, na ambao mtoto ataupimia ukuaji wake kila akiusoma upya. Tena, kwa kuzitia tenzi hizo katika kitabu kilichopigwa chapa, mwandishi alizifungua kwa watoto wa watu wengine. Vijana wengi wa Tanganyika na Kenya walizisoma kana kwamba wamezungumzwa wao. Msiba wa nyumba moja ya Tanga umezaa malezi ya nyumba nyingi.

Hata hivyo mhakiki hana budi kutoa hukumu, na hukumu yangu ni kwamba katika jambo hili Mwana Kupona amemzidi. Kwa kutenga kilio na wosia, Shaaban Robert ameyaacha baadhi ya maagizo yake yakiwa makavu. Ni mema, ni ya busara, lakini mara kwa mara yangeweza kusemwa na mwalimu yeyote kwa mtoto yeyote. Yale machozi ambayo yangeyarutubisha yamebaki katika kitabu kingine. Msomaji anayetaka kumpata Shaaban Robert mzima lazima aisome Amina kwanza, kisha Hati na Adili. Akifanya hivyo, maagizo hupata damu. Mwana Kupona hakumtaka msomaji afanye kazi hiyo, kwa maana amekitia kilio katikati ya wosia kama moyo ulivyo katikati ya kifua.

Wataalamu wa elimu ya nafsi huko Ulaya na Marekani wamelifikia suala hili kwa njia yao. Sigmund Freud, katika makala yake ya mwaka 1917 juu ya maombolezo, alieleza kwamba kazi ya mfiwa ni kulitoa penzi lake kidogo kidogo kutoka kwa aliyekufa, mpaka awe huru kupenda tena. Fikira hiyo ilitawala kwa muda mrefu. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walitoa kitabu kilichoipinga, wakaonyesha kwamba wafiwa wengi walio na afya hawakati uhusiano, bali huubadilisha na kuendelea nao. Mwenye kukijua kituo cha Amina hatashangaa. Naye James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, mwaka 1986 waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika juu ya mambo yaliyowaumiza sana, kwa dakika 15 katika siku nne mfululizo, wakaona kwamba walioeleza matukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa mganga mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Hilo nalo latufaa. Lakini wanafunzi wale hawakumwandikia mtu waliyemjua. Watunzi wetu waliandika kwa mtu mwenye jina, aliyewahitaji. Kama kuandika tu kuna nafuu, kuandika kwa ajili ya mtoto kuna nafuu na wajibu pamoja, na wajibu humshika mkono mfiwa asizame.

Haifai kuumaliza uchambuzi huu bila kuonyesha mipaka ya tiba tunayoisifu. Mpaka wa kwanza ni wa tabaka. Mwana Kupona amwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Katika nyumba kama ile waliishi watu ambao nao walifiwa, na wengi walitengwa na mama zao kwa nguvu, wakaletwa pwani kutoka bara. Hao hawamo katika radhi tano. Nao pia walijenga mazoea na waliowatumikia, kwa kuwa mazoea hayaombi ruhusa; na yamkini ndiyo sababu ya onyo lenyewe. Mtungaji aliyejua mno nguvu ya mazoea alijua pia kwamba yangeweza kuvuka mipaka ya cheo, akaziba njia. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kuusoma utendi bila kulitaja jambo hili ni kumpa mtungaji heshima isiyo ya haki.

Mpaka wa pili unahusu mume. Utendi wasema kwamba siku ya kufufuliwa radhi ya mume itatazamwa katika hukumu ya mke. Je, mwanamke mwenye mume mkatili atapata wapi nafuu katika beti hizi? Hakuna. Utendi haukumfikiria, kwa kuwa unasema kutoka katika ndoa moja iliyokuwa njema. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliutazama upya utendi huu kwa upande wa lugha na mamlaka, na tangu hapo haiwezekani tena kuusoma kama kwamba maana yake ni ya juu juu tu. Mimi naongeza hoja ndogo. Ikiwa ni kweli, kama nilivyojaribu kuonyesha, kwamba kila agizo ni kumbukumbu ya mjane, basi agizo hilo lina nguvu ya kumbukumbu, halina nguvu ya sheria. Kumbukumbu hupewa mtoto aliyezaliwa na ndoa ile. Haiwezi kutozwa kwa kila mwanamke katika kila ndoa. Walioutwaa utendi wakaufanya fimbo ya kuwapigia wake zao na binti zao wameikata sehemu ya machozi, wakabaki na sehemu ya amri. Kosa lao ni la kiroho, na kabla ya hapo ni kosa la usomaji.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa wenzangu wanaotayarisha vitabu vya shule na vya chuo. La kwanza, tusichape tena vipande vya maagizo peke yake kutoka katika Utendi wa Mwana Kupona. Kama nafasi ni ndogo, na ziingie zile beti za mwanzo ambamo mgonjwa amwita binti asogee, na zile za katikati ambamo mjane akumbuka, hata kama itabidi maagizo kadhaa yaachwe. La pili, Amina, Hati na Adili zisomeshwe pamoja na kwa mpango huo, ili mwanafunzi aone jinsi mtu mmoja alivyotoka katika kusema na kaburi akaja kusema na watoto wake.

Yako maswali mengine ambayo makala haya hayakuyagusa. Tungo za wosia ni nyingi, katika miswada na katika vinywa vya watu, na nyingi kati yake zimetungwa na wanawake kwa binti zao. Kila moja inafaa kuulizwa swali ambalo darasani hatukulizoea: si mtungaji aamrisha nini tu, bali ni nani aliyemwita karibu, na kila mmoja wao alikuwa amepoteza nini siku ile.